Kufundisha Utatuzi wa Mgongano wa Anwani za IP kati ya Ruta ya Nyumbani na Kifaa cha Mtoa Huduma

Utangulizi

Mkufunzi wa TEHAMA katika chuo cha ualimu hana budi kukumbuka daima kwamba wanachuo wake hawatabaki chuoni. Watapangiwa shule zilizo mbali na mafundi, na mara wafikapo huko watatambulikana kuwa ndio “wanaojua kompyuta”. Siku mtandao wa shule utakapokatika, pengine katikati ya kazi ya kusajili watahiniwa, mwalimu mkuu atamwita mwalimu huyo kijana wala hatamwita mtu mwingine. Atakachofanya katika nusu saa ya kwanza kitategemea sana jinsi tulivyomfundisha.

Katika makala haya tunazungumzia hitilafu moja inayotokea mara kwa mara katika nyumba, ofisi ndogo na shule, yaani mgongano wa anwani za IP kati ya ruta iliyonunuliwa dukani na kifaa kilichofungwa na mtoa huduma wa intaneti. Tumeichagua hitilafu hii kwa sababu mbili. Kwanza, huweza kutatuliwa bila ya kununua kitu chochote. Pili, hufundishwa vibaya. Aghalabu mwanachuo hupewa dawa tu: “Nenda kwenye mipangilio, badilisha anwani iwe 192.168.2.1.” Dawa hiyo huponya leo na kudhuru kesho, kwani katika shule ambayo kifaa cha mtoa huduma chenyewe kinatumia 192.168.2.1, mwalimu yule ataleta mgongano mahali ambapo haukuwapo.

Rai yetu ni kwamba mwanachuo asifundishwe namba ya kuandika, bali afundishwe swali la kuuliza. Swali lenyewe ni hili: upande wa ndani wa ruta ni mtaa gani, na upande wa nje ni mtaa gani? Mwanachuo asiyeweza kulijibu swali hilo kwa maandishi asiruhusiwe kugusa mpangilio wowote.

Maarifa ambayo mkufunzi anapaswa kuwa nayo

Anwani ya IP ya aina ya nne, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1981, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Kwa utaratibu huo anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa wakati ule, lakini tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya dunia yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda. Shirika la kanda yetu ya Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius.

Kabla ya hapo, mnamo Februari 1996, yalikuwa yamekwisha kutengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za faragha, ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia ndani ya nyumba au ofisi yake bila ya kuomba ruhusa. Mafungu hayo ni haya:

1. 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, yaani anwani 16,777,216.
2. 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, yaani anwani 1,048,576.
3. 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255, yaani anwani 65,536.

Anwani hizi hazipiti katika intaneti ya nje. Kwa hiyo nyumba elfu moja zinaweza kutumia 192.168.1.1 kwa wakati mmoja bila ya kudhuriana, kama vile Mtaa wa Uhuru unavyoweza kuwapo katika miji miwili bila ya barua kupotea. Taabu huanza pale mitaa miwili yenye jina moja inapokutana katika mji mmoja, mbele ya tarishi mmoja.

Ruta ndiyo tarishi huyo. Ruta ya nyumbani ina nyuso mbili. Uso wa ndani, ambao kwenye mipangilio huandikwa LAN, hutazama kompyuta na simu za nyumbani. Uso wa nje, unaoandikwa WAN, humtazama mtoa huduma. Kila uso una anwani yake. Anwani ya ndani aghalabu imepangwa kiwandani, na viwanda vingi hupenda 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anwani ya nje hugawiwa na kifaa cha mtoa huduma kwa utaratibu unaoitwa DHCP, ambao twaweza kuulinganisha na karani agawaye namba za nyumba kwa kila mpangaji mpya.

Zamani kifaa cha mtoa huduma kilikuwa modemu tupu, na kazi yake ilikuwa kupitisha mawasiliano tu. Siku hizi aghalabu ni modemu, ruta na kituo cha waifai kwa pamoja. Nacho kimetoka kiwandani kikiwa na anwani yake ya ndani, ambayo yaweza kuwa ile ile 192.168.1.1. Mwenye nyumba anunuapo ruta yake ili waifai ifike vyumba vya nyuma, akaiunganisha na kifaa hicho, huwa amewakutanisha matarishi wawili waliopewa jina moja.

Yafaa mkufunzi alielewe vema jambo linalotokea hapo. Kifaa cha mtoa huduma huigawia ruta anwani ya nje, tuseme 192.168.1.34, kisha huiambia: “Pakiti yoyote iendayo mbali, mpe 192.168.1.1.” Lakini ruta yenyewe, kwa uso wake wa ndani, ndiyo 192.168.1.1. Imeagizwa kuipeleka pakiti kwa mtu ambaye ni yeye mwenyewe. Ruta nyingine hutambua hali hiyo zikatoa onyo, na baadhi hubadilisha mtaa wao wa ndani zenyewe. Nyingine hubaki zimeduwaa: waifai yaonekana ina nguvu, ukurasa wa mipangilio wafunguka, lakini hakuna kinachotoka nje.

Mkufunzi autofautishe mgongano huu na mambo mengine matatu yanayofanana nao. La kwanza ni waya kuchomekwa katika tundu la LAN la ruta badala ya tundu la WAN. Hapo vifaa viwili vyenye 192.168.1.1 huwa katika mtaa mmoja kabisa na makarani wawili hugawa namba bila ya kushauriana. Mtandao hupatikana kwa baadhi ya watu na kukosekana kwa wengine, na hali hugeuka kila saa. La pili ni printa au kompyuta iliyopewa anwani ya kudumu ambayo karani naye huigawa kwa mwingine. Mgongano wa namna hii huvisumbua vifaa viwili tu. La tatu ni ruta mbili kufuatana zikiwa na mitaa tofauti. Huo si mgongano. Kurasa za kawaida hufunguka bila ya shida, ingawa baadhi ya michezo, simu za mtandao na kamera za kutazamwa kutoka mbali huweza kusumbua kwa kuwa anwani hubadilishwa mara mbili njiani.

Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, mwanachuo aweze:

(a) kueleza kwa Kiswahili fasaha sababu ya ruta kushindwa kupitisha pakiti pale nyuso zake mbili zinapokuwa katika mtaa mmoja;
(b) kusoma na kuandika anwani za pande zote mbili kabla ya kugusa mpangilio wowote;
(c) kuchagua mtaa mpya ufaao na kutetea uchaguzi wake;
(d) kuthibitisha kwa hatua kwamba hitilafu imekwisha.

Zana za kufundishia

Kipindi cha kwanza hakihitaji umeme. Zinatosha kadi za karatasi ngumu, chaki, bahasha kadhaa na daftari moja. Kipindi cha pili chahitaji ruta mbili za kawaida, kompyuta moja na nyaya mbili za mtandao. Haihitajiki huduma ya intaneti, kwani ruta ya kwanza itashika nafasi ya kifaa cha mtoa huduma. Ruta kuukuu zilizowekwa stoo zafaa sana. Hata hivyo mkufunzi azijaribu mapema. Ikiwa ruta ya pili ni ya namna ile ibadilishayo mtaa wake yenyewe, hitilafu tunayotaka ionekane haitaonekana, naye atafute nyingine.

Kipindi cha kwanza: igizo la tarishi

Mkufunzi apige mstari wa chaki katikati ya darasa. Upande mmoja uwe nyumbani na upande wa pili uwe kwa mtoa huduma. Juu ya mstari iwekwe meza moja, na hapo aketi mwanachuo atakayekuwa tarishi, yaani ruta. Avae kadi mbili. Ya kifuani, inayotazama nyumbani, iandikwe 192.168.1.1, na ya mgongoni, inayotazama kwa mtoa huduma, iandikwe 192.168.1.34. Mwanachuo wa pili asimame upande wa mtoa huduma karibu na mlango wa darasa, naye avae kadi ya 192.168.1.1. Huyo ndiye bawabu wa mlango wa kutokea. Wanachuo watatu waketi upande wa nyumbani wakiwa na kadi za 192.168.1.20, 192.168.1.21 na 192.168.1.22.

Tarishi apewe karatasi yenye maagizo mawili tu: “Barua ya mtaa wako, mpe mwenyewe. Barua ya mbali, mpe 192.168.1.1.”

Sasa mkazi wa 192.168.1.20 aandike barua kwenda kwa 203.0.113.5, ambaye yuko mbali nje ya darasa, na aikabidhi kwa tarishi. Tarishi ataisoma bahasha na kuona kuwa si ya mtaa wake. Atasoma agizo la pili, atamtafuta 192.168.1.1, kisha ataitazama kadi iliyo kifuani pake mwenyewe. Darasa hucheka hapo, na mkufunzi aache wacheke, kwa maana kicheko hicho ni dalili kwamba wamekwisha kuona kiini cha tatizo kabla ya kuelezwa. Barua ibaki mkononi mwa tarishi. Bawabu yu hatua nne tu kutoka pale, lakini hafikiki.

Mkufunzi asitoe jibu, bali aulize: “Tufanye nini?” Katika madarasa yetu pendekezo la kwanza karibu daima ni kubadilisha namba ya mwisho ya tarishi iwe 192.168.1.254. Pendekezo hilo lisikataliwe kwa maneno, lijaribiwe. Tarishi avae kadi mpya kifuani na barua itumwe tena. Sasa anajua kuwa 192.168.1.1 si yeye. Lakini nyumba zote zinazoanza na 192.168.1 ziko upande wa kifua chake, na vile vile ziko upande wa mgongo wake. Aite upande gani? Hana njia ya kujua. Wanachuo wataona wenyewe kuwa ugomvi hauko katika namba ya nyumba tu, uko katika jina la mtaa.

Hapo ndipo mahali pa kueleza kipimo cha mtandao, ile namba iandikwayo pamoja na anwani, kama 255.255.255.0. Mkufunzi aeleze kwamba 255 yamaanisha “hii ni sehemu ya jina la mtaa” na 0 yamaanisha “hii ni namba ya nyumba”. Kwa kipimo hicho, namba tatu za mwanzo ni mtaa na ya mwisho ni nyumba. Vipimo vingine vipo, lakini visiletwe katika igizo. Vitakuja katika zoezi.

Pendekezo la kubadilisha mtaa wenyewe litakapotokea, kadi zote za nyumbani zibadilishwe: tarishi awe 192.168.50.1, na wakazi wawe 192.168.50.20, 192.168.50.21 na 192.168.50.22. Barua itumwe kwa mara ya tatu. Tarishi sasa anaiona njia. Kabla ya kumpa bawabu, akate anwani ya mtumaji, aandike yake ya nje, 192.168.1.34, na aweke kumbukumbu katika daftari ili jibu likirudi ajue ni la nani. Huo ndio ubadilishaji wa anwani uitwao NAT. Jibu lirudi, tarishi afungue daftari, na mkazi apewe barua yake.

Mkufunzi asisahau kuuliza swali moja la mwisho: “Je, ingekuwaje kama tungebadilisha kadi ya tarishi tu, tukawaacha wakazi na kadi zao za zamani?” Jibu lake ni kwamba wakazi wangeendelea kumtafuta 192.168.1.1, naye hayupo tena. Swali hili huandaa hatua moja ya kipindi cha pili ambayo wengi huiruka.

Kipindi cha pili: kazi ya mikono

Ruta ya kwanza ibandikwe karatasi yenye maneno “Mtoa Huduma” na ya pili “Nyumbani”. Zote mbili ziwe na anwani ya ndani 192.168.1.1, na kila moja ipewe jina lake la waifai ili zisichanganywe. Waya utoke tundu la LAN la ruta ya Mtoa Huduma uingie tundu la WAN la ruta ya Nyumbani. Kompyuta iunganishwe na ruta ya Nyumbani kwa waya wa pili.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Wanachuo wafungue 192.168.1.1 katika kivinjari na waone ni ukurasa wa ruta ipi. Utakuwa wa Nyumbani. Waandike anwani ya LAN na kipimo chake, kisha anwani ya WAN na kipimo chake, kama zinavyoonekana kwenye ukurasa wa hali ya ruta. Ikiwa ruta haionyeshi anwani ya WAN, kompyuta iunganishwe moja kwa moja na ruta ya Mtoa Huduma, na amri ya ipconfig itumike kusoma anwani iliyopatikana na anwani ya lango. Katika shule halisi kuunganisha moja kwa moja kuna faida nyingine. Mtandao ukipatikana kwa njia hiyo, basi mtoa huduma hana kosa. Na usipopatikana, ruta isiguswe, kwani tatizo liko kwingine: huenda ada haijalipwa au waya wa nje umekatika.

Hatua ya pili ni kuchagua mtaa mpya. Uwe ndani ya mafungu matatu ya faragha na usiwe mtaa wa mtoa huduma. Tunapendelea namba zisizopendwa na viwanda, kama 192.168.50.1 au 10.20.30.1. Wanachuo waonywe juu ya 172.32.0.0 na kuendelea, ambazo hufanana na za faragha lakini ni mali ya watu wengine. Waonywe pia juu ya fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya watoa huduma wenyewe.

Hatua ya tatu ni kubadilisha. Waya wa WAN ung'olewe kwanza ili kusiwe na mkanganyiko. Anwani ya LAN ibadilishwe iwe 192.168.50.1 na kipimo kiachwe 255.255.255.0. Kabla ya kuondoka hapo, fungu la DHCP likaguliwe. Ruta nyingi hulihamisha zenyewe, lakini si zote. Lisomeke, mathalani, 192.168.50.100 hadi 192.168.50.199. Printa au kamera yenye anwani ya kudumu ihamishiwe mtaa mpya, na ipewe namba iliyo nje ya fungu hilo.

Hatua ya nne ndiyo ile irukwayo na wengi. Ruta ikishawaka upya, kompyuta yashikilia anwani ya zamani. Wanachuo hujaribu 192.168.1.1, hawaoni kitu, wakadhani wameiharibu ruta. Waikumbuke kadi ya mkazi. Kompyuta ichomolewe na kuchomekwa tena ili iombe namba mpya, kisha wafungue 192.168.50.1.

Hatua ya tano ni kuthibitisha. Waya wa WAN urudishwe. Wanachuo wafungue 192.168.50.1, nao wataona ukurasa wa Nyumbani. Wafungue 192.168.1.1, na sasa, kwa kompyuta ile ile iliyo mahali pale pale, wataona ukurasa wa Mtoa Huduma. Jambo hili halihitaji maelezo marefu. Anwani ile ile iliyofungua mlango mmoja kabla ya mabadiliko sasa yafungua mlango mwingine, kwa sababu mitaa imetengana.

Katika shule yenye huduma halisi, uthibitisho uendelee kwa amri ya ping kwa utaratibu huu: kwanza ruta ya ndani, pili kifaa cha mtoa huduma, tatu anwani ya nje inayojulikana, kama 8.8.8.8, na mwisho jina la tovuti. Pale jibu linapokosekana kwa mara ya kwanza ndipo pa kuchunguza. Ikumbukwe tu kwamba vifaa vingine vimepangwa visijibu ping, kwa hiyo kimya cha kifaa kimoja huku cha mbele yake kikijibu si hitilafu.

Njia nyingine za utatuzi

Kutenganisha mitaa si njia pekee. Ikiwa shida ni waifai kutofika mbali tu, ruta ya pili yaweza kugeuzwa kuwa kituo cha waifai: DHCP yake izimwe, ipewe anwani isiyotumika katika mtaa wa mtoa huduma, mathalani 192.168.1.2 iliyo nje ya fungu la DHCP la kifaa hicho, na waya uingie tundu la LAN. Hapo nyumba nzima huwa mtaa mmoja wenye karani mmoja. Njia ya tatu ni kukirudisha kifaa cha mtoa huduma katika kazi ya daraja, yaani kipitishe tu na kazi ya tarishi aifanye ruta ya nyumbani peke yake. Njia hii ni safi, lakini mara nyingi yahitaji idhini na msaada wa mtoa huduma mwenyewe.

Onyo kuhusu kitufe cha kufuta mipangilio

Tunaomba wakufunzi walitilie mkazo jambo hili. Karibu kila kifaa kina kitufe kidogo ndani ya tundu la sindano, na wengi hukiona kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kitufe hicho hurejesha mipangilio ya kiwandani. Kikibonyezwa kwenye ruta ya nyumbani, huirudisha 192.168.1.1, ambayo ndiyo iliyoleta mgongano. Kikibonyezwa kwenye kifaa cha mtoa huduma, chaweza kufuta jina la akaunti na neno la siri vilivyoingizwa na fundi, na shule iliyokuwa na hitilafu ya dakika ishirini ikakaa bila ya huduma hadi fundi asafiri. Mwanachuo afahamu kwamba kitufe hicho hufuta pia ushahidi. Aliyeandika anwani za pande mbili kwanza huwa na la kumwambia fundi kwa simu. Aliyebonyeza kwanza hana.

Zoezi la upimaji

Kwa kila hali ifuatayo mwanachuo aseme kama kuna mgongano au hakuna, na aeleze sababu. Alama nyingi zitolewe kwa maelezo kuliko kwa jibu.

1. LAN 192.168.0.1, WAN 192.168.1.7, vipimo vyote 255.255.255.0.
2. LAN 192.168.1.254, WAN 192.168.1.7, vipimo vyote 255.255.255.0.
3. LAN 192.168.1.1 kwa kipimo 255.255.255.0, WAN 100.72.15.3.
4. LAN 10.0.0.1 kwa kipimo 255.255.255.0, WAN 10.44.3.9 kwa kipimo 255.0.0.0.
5. LAN 192.168.50.1, WAN 0.0.0.0.

Majibu: La kwanza halina mgongano, mitaa ni miwili. La pili lina mgongano, kwani namba ya nyumba ni tofauti lakini mtaa ni mmoja. La tatu halina. Anwani ya nje ni ya lile fungu la watoa huduma. La nne ni gumu na lafaa kwa majadiliano ya vikundi: kwa kipimo cha 255.0.0.0, upande wa nje unadai kila anwani inayoanza na 10, hivyo mtaa wa ndani umemezwa kama kijiji ndani ya wilaya, na mgongano upo. La tano si mgongano. Ruta haijapewa anwani yoyote, basi waya na huduma vichunguzwe. Hali inayofanana na hiyo ni kompyuta kujipa anwani inayoanza na 169.254, ambayo ni alama kwamba haikumpata karani.

Hitimisho

Anwani za aina ya sita, zenye urefu wa biti 128, zimekwisha kuanza kutumika, na uhaba uliosababisha mafungu ya faragha kurudiwarudiwa hauzihusu. Lakini ruta zinazouzwa madukani zingali zikitumia anwani za aina ya nne kwa upande wa ndani, kwa hiyo somo hili litahitajika kwa muda mrefu bado.

Hata siku litakapokuwa halihitajiki, tabia tuliyokusudia kuijenga itabaki na manufaa. Mwanachuo amezoezwa kuuliza kabla ya kugusa, kuandika kabla ya kubadilisha, kujaribu pendekezo badala ya kulibishia, na kuthibitisha baada ya kurekebisha. Wakufunzi wenzetu wanaombwa walijaribu igizo la tarishi katika madarasa yao, hasa katika vyuo ambavyo kompyuta ni chache, kwani sehemu ngumu ya somo hili hufahamika kwa kadi na chaki kabla ruta haijawashwa.